Kalamu Mkononi mwa Mwalimu: Uandishi kama Nyenzo ya Kujiendeleza kwa Walimu wa Kiswahili, kutoka Kiungani hadi Dadamu

Utangulizi

Historia ya Kiswahili nchini Uganda imezoeleka kuandikwa kama historia ya maamuzi. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alitoa waraka uliotaka Kiswahili kitumike katika elimu na utawala kwenye sehemu kubwa ya nchi. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliupinga mpango huo kwa maandishi. Mwaka 1952 Idara ya Elimu ilikiondoa Kiswahili miongoni mwa lugha zilizotambuliwa shuleni, isipokuwa katika shule za watoto wa polisi. Agosti 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yalikifanya lugha rasmi ya pili. Na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha kwamba kitumike rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mfululizo huu ni wa kweli na hauna budi kukumbukwa. Hata hivyo, watu waliomo ndani yake ni wachache mno: gavana, kabaka, jenerali na mawaziri. Mwalimu hayumo.

Makala hii inamrejesha mwalimu katika historia hiyo kwa kufuatilia jambo moja mahususi, yaani desturi ya walimu kuandika kuhusu kazi yao wenyewe, kwa ajili ya walimu wenzao, mara kwa mara na mahali panapojulikana. Inajenga hoja kwamba katika Afrika Mashariki desturi hiyo ilikuwa nyenzo ya kujiendeleza kitaaluma tangu karne ya 19, muda mrefu kabla ya semina na warsha. Kwamba palipokuwa na uwanja wa namna hiyo, lugha ilijipatia wataalamu hata mbali na pwani. Na kwamba eneo la West Nile lilikuwa na wasemaji wa Kiswahili kwa zaidi ya karne moja bila ya kuwa na uwanja huo. Pengo hili lina uzito wa pekee leo. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza kutumika mwaka 2020, Kiswahili ni somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza nchini Uganda. Mwalimu anayelifundisha somo hilo Arua, Koboko au Dadamu, kata iliyokuwa ya kaunti ya Ayivu pembezoni mwa mji wa Arua, yuko takribani kilomita 500 kutoka Kampala na mbali zaidi na Dar es Salaam au Zanzibar, ambako mengi ya maandishi anayoyategemea yameandikwa. Swali la sera ni kama mwalimu huyo atabaki kuwa mpokeaji tu.

Barua za walimu: Kiungani, Tanga na Dar es Salaam

Oktoba 1888, katika Chuo cha Mtakatifu Andrea kilichoko Kiungani, Unguja, misheni ya UMCA ilianza kutoa gazeti dogo lililoitwa Msimulizi. Kiungani kilikuwa chuo cha kuandaa walimu na watumishi wa kanisa, na wengi wa wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa vijana waliokombolewa utumwani. Wakihitimu walitawanywa katika vituo vya bara: Magila, Masasi, Newala, na visiwa vya Ziwa Nyasa. Katika mazingira hayo gazeti lilikuwa na kazi ya wazi. Lilichapisha barua zilizotoka katika vituo hivyo, zikieleza hali ya shule, safari, vifo, ndoa, njaa na mapigano, na hata michezo ya chuoni.

Wanahistoria wa vyombo vya habari hulitaja Msimulizi kama miongoni mwa magazeti ya kwanza ya Kiswahili, kisha hupita. Wanalipita upesi mno. Mwalimu wa Newala mwaka 1890 hakuwa na mkaguzi wa karibu, hakuwa na maktaba, na mwenzake wa karibu alikuwa mwendo wa siku kadhaa. Alipoketi kuandika barua kwa ajili ya gazeti alilazimika kuchagua: lipi kati ya yaliyotokea mwezi huu lina maana kwa mwalimu mwingine? Kuchagua huko tayari ni kuifikiri kazi. Aidha, alijua kwamba atasomwa na waliosoma naye darasa moja, wanaoijua kazi yenyewe na wasioweza kudanganywa kirahisi. Msomaji wa namna hiyo humfanya mwandishi awe makini zaidi kuliko mkaguzi anavyoweza.

Mfano wa pili ni Kiongozi, gazeti lililoanzishwa Tanga mwaka 1904 katika shule ya serikali ya Wajerumani na kuendelea hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Lilichapwa na shule yenyewe. Waandishi wake wa bara walikuwa kwa sehemu kubwa walimu na makarani waliosoma katika shule za serikali, waliotumwa katika vituo vya mbali wakiwa na hati ya kazi na mafunzo ya muda mfupi. Ni kweli kwamba gazeti hili lilikuwa la dola ya kikoloni na halikuruhusu mengi. Lakini ndani ya mipaka hiyo lilitimiza jambo ambalo halikukusudiwa waziwazi: liliwafanya watu waliotawanyika kutoka pwani hadi maziwa makuu wajione kuwa kundi moja lenye taaluma moja na lugha moja ya kuiandikia.

Januari 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianzisha Mambo Leo. Jarida hili la kila mwezi ndilo lililoacha alama kubwa kuliko yote, na sababu mojawapo ni kwamba lilidumu. Kwa zaidi ya miaka 30 mwalimu wa shule ya kijijini aliweza kutarajia kuwa mwezi ujao litatoka tena, na kwamba barua au shairi lake lingeweza kujibiwa. Shaaban Robert, karani wa Idara ya Forodha, alikuwa miongoni mwa waliochapisha humo. Baadaye alikuwa mjumbe wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Njia iliyomtoa katika meza ya karani na kumfikisha katika kamati iliyoamua mambo ya lugha haikupitia chuo kikuu. Ilipitia kurasa za wasomaji.

Kwa mintarafu ya West Nile, mfano wa Mathias Mnyampala unafaa zaidi. Shaaban Robert alizaliwa karibu na Tanga, na mtu anaweza kudai kwamba Kiswahili kilikuwa mlangoni pake. Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, aliyewahi kuwa mwalimu kabla ya kuingia katika utumishi wa mahakama. Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani kwake. Hata hivyo alikuwa miongoni mwa washairi waliotungia magazeti ya zama hizo, aliandika historia ya watu wake kwa Kiswahili, na hatimaye aliheshimiwa kama bingwa wa ngonjera na kiongozi wa washairi nchini Tanzania. Dai kwamba mtu asiye wa pwani hana la kuwafundisha wengine kuhusu Kiswahili lilikanushwa na maisha yake yote.

Inafaa kudokeza hapa kwamba katika nadharia ya elimu dhana ya mwalimu kuwa mtafiti wa darasa lake huhusishwa aghalabu na Mwingereza Lawrence Stenhouse na kitabu chake cha mwaka 1975, na kwamba Ufaransa humkumbuka Célestin Freinet, mwalimu wa kijiji cha Bar-sur-Loup, aliyeleta mashine ya kuchapia darasani katika miaka ya 1920 na kuunda mtandao wa walimu walioandikiana. Wote wawili wanastahili sifa hizo. Kiungani ilikuwa na mashine ya kuchapia na mtandao wa walimu walioandikiana zaidi ya miaka 30 kabla ya Freinet, na vyuo vya ualimu vya Afrika Mashariki vingeweza kuanzia hapo vinapofundisha somo hili.

Uganda: lugha iliyokuwa na waandishi na lugha isiyokuwa nao

Kushindwa kwa mpango wa Gowers hufafanuliwa kwa siasa. Buganda iliogopa kuunganishwa na Kenya ya walowezi, na Kiswahili kikaonekana kuwa mlango wa muungano huo. Wamisheni wengi walikihusisha na Uislamu. Maelezo haya ni sahihi, lakini hayatoshi. Wakati Kiswahili kikipendekezwa mwaka 1927, Kiganda kilikuwa tayari na gazeti la CMS, Ebifa mu Buganda, tangu 1907, na gazeti la Wakatoliki, Munno, tangu 1911. Kwa miaka 20 walimu na makatekista waliojua Kiganda walikuwa wameandika, wamejibizana na kurekebishana hadharani. Mwalimu wa Kiganda aliyetaka kukua katika kazi yake alijua mahali pa kupeleka maandishi. Mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda hakujua. Idara ya Elimu ya Uganda haikuanzisha jarida la kudumu la Kiswahili la mfano wa Mambo Leo, hata katika miaka ile ambayo sera yake ilitaka lugha hiyo ifundishwe. Kwa hiyo sera ilipopingwa, hapakuwa na kundi la walimu ambalo lingesimama na kusema: hii ndiyo kazi yetu, na haya ndiyo tuliyojifunza kwa kuifanya.

Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoundwa tarehe 1 Januari 1930 na kuzihusisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar haikuliziba pengo hilo. Jarida lake lilikuwa na manufaa makubwa kwa utafiti, lakini liliandikwa zaidi kwa Kiingereza, na kwa miaka mingi ya mwanzo Kamati haikuwa na mjumbe Mwafrika. Ilisanifisha lugha juu ya vichwa vya walimu walioitumia. Mwaka 1952 historia ilifanya mzaha wake: mwaka uleule ambao Uganda ilikiondoa Kiswahili shuleni, makao ya Kamati yalihamishiwa Makerere, Kampala, na yakabaki huko kwa takriban miaka 10 kabla ya kwenda Mombasa na hatimaye Dar es Salaam mwaka 1964. Kwa muongo mzima moyo wa utafiti wa Kiswahili ulidunda Uganda, na mwalimu wa Arua hakunufaika nao. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi zaidi kwamba taasisi ya utafiti peke yake haizai walimu mahiri, hata ikiwa nchini mwao.

Tanganyika huru, na kisha Tanzania, ilijifunza somo hilo. Pamoja na jarida la kitaaluma, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilianzisha Mulika mwaka 1971, jarida la Kiswahili lililolenga wasomaji wapana zaidi. Miaka miwili baadaye Amin alitoa tangazo lake. Tangazo hilo lilitokana na kura ya wawakilishi wa wilaya, 12 zikichagua Kiswahili na 8 Kiganda, na eneo alikotoka Amin mwenyewe lilikuwa miongoni mwa yaliyokizoea Kiswahili. Lakini tangazo halikuja na Mulika yake. Lilikuja kwa redio na amri, na kwa wananchi wengi wa kusini lilithibitisha kwamba Kiswahili ni sauti ya mtu mwenye bunduki.

West Nile: karne ya usemi bila ukurasa

Ni lazima kukaa zaidi hapa, kwa kuwa hali ya West Nile hufahamika vibaya hata miongoni mwa wataalamu wa Kiswahili. Eneo hili halikuwa sehemu ya Uganda hadi mwaka 1914. Kabla ya hapo lilikuwa katika Enklavu ya Lado, iliyokodishwa kwa Mfalme Leopold wa Pili mwaka 1894 na kurejeshwa kwa Sudani baada ya kifo chake. Arua yenyewe ilianzishwa kama makao ya wilaya mwaka 1914 chini ya A. E. Weatherhead. Kwa hiyo wenyeji walikutana, ndani ya kizazi kimoja, na Kiarabu cha askari wa Emin Pasha, Kibangala cha upande wa Kongo, Kiingereza cha utawala mpya, na Kiswahili cha jeshi.

Jeshi hilo lilikuwa King's African Rifles, lililoitwa keya na wenyeji wa Afrika Mashariki. Lililiona eneo la West Nile kuwa chemchemi ya askari, na kwa miongo kadhaa vijana wa Kilugbara, Kikakwa, Kialur na Kimadi walijifunza Kiswahili kambini. Baadhi yao walikisoma pia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kulikuwa na gazeti la Baraza, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939, na magazeti ya jeshi yaliyochapishwa kwa Kiswahili. Barua za askari zilichapishwa humo. Hapo ndipo msemaji wa Kiswahili kutoka West Nile alipopata, kwa muda mfupi, mahali pa kuandika. Lakini aliandika akiwa askari. Vita vilipokwisha na askari kurudi nyumbani, lugha ilirudi katika usemi: sokoni, barabarani, mpakani.

Kule shuleni mambo yalienda njia nyingine. Kilugbara kilitambuliwa kuwa miongoni mwa lugha za kufundishia madarasa ya chini, jambo jema, na vitabu vikaandaliwa. Kazi za kitaaluma kuhusu eneo hili nazo zilichapishwa: mwaka 1960 peke yake ulishuhudia uchunguzi wa lugha ya Kilugbara wa Padri J. P. Crazzolara, mmisheni wa shirika la Comboni, na kitabu cha John Middleton kuhusu dini ya Walugbara. Ni kazi za kuheshimiwa. Hata hivyo zote mbili ni za wageni, kwa lugha ya kigeni, zilizotegemea maelezo ya wenyeji. Mwalimu wa West Nile wa miaka hiyo alikuwa mtoa taarifa wa vitabu vya watu wengine.

Kisha kukaja miaka ya baada ya 1979. Kuanguka kwa Amin kuliifanya West Nile ilipe kwa makosa ya utawala ambao wengi wao hawakuuchagua. Mauaji yaliyofanyika katika misheni ya Ombaci tarehe 24 Juni 1981 ndiyo yanayokumbukwa zaidi, na sehemu kubwa ya watu ilikimbilia Zaire na Sudani. Shule zilifungwa. Kiswahili, pamoja na Kilingala na Kiarabu cha Juba, kiliwasaidia wakimbizi hao kuishi ugenini, na waliporudi walirudi nacho. Ndiyo maana hadi leo Kiswahili cha Arua na Koboko hubeba sauti za pande tatu. Arua iko karibu na mpaka wa Vurra na soko la Ariwara upande wa Kongo; Koboko iko mahali nchi tatu zinapokutana. Wanubi, ambao lugha yao imekopa kwa wingi kutoka Kiswahili, wanaishi katika miji yote miwili.

Yote haya ni hazina kwa mtafiti, na pia ni mtihani wa kila siku kwa mwalimu. Vitabu vingi vya kufundishia Kiswahili vimeandikwa kwa kumdhania mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni ya Kibantu, au ambaye amekulia mahali ambapo Kiswahili kimemzunguka. Mtoto wa Dadamu huja darasani na Kilugbara, lugha ya tawi la Sudani ya Kati isiyo na ngeli za Kibantu. Kwake upatanisho wa kisarufi si suala la kubadili viambishi alivyovizoea. Ni dhana mpya kabisa, kwamba jina moja linaweza kuiamuru sentensi nzima. Katika Kilugbara kipashio cha ukanushi hukaa mwishoni mwa kishazi, ilhali Kiswahili hukanusha ndani ya kitenzi, aghalabu mwanzoni mwake. Kilugbara hutofautisha maana kwa toni. Kiswahili hutegemea mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto wa Koboko anayesema Kikakwa, lugha ya Kinailoti, ana matatizo yake tofauti. Na wote wawili wanaweza kuwa wamekwisha kukijua Kiswahili cha sokoni, ambacho hupunguza upatanisho na kueleweka vizuri bila ya huo. Mwalimu anapoweka alama nyekundu kwenye sentensi ambayo babu wa mtoto huitumia kila siku kununua na kuuza, anahitaji kujua anachokifanya na kwa nini.

Mwalimu aliyefundisha hapa kwa miaka mitano ana majibu ya baadhi ya maswali haya. Amegundua, pengine bila ya kuyapa jina, ni ngeli ipi ianze, ni mfano upi unaoeleweka na upi unaochekesha. Ujuzi huo haumo katika kitabu chochote cha Dar es Salaam, wala hauwezi kuandikwa na mtu wa Dar es Salaam. Mwalimu huyo akihamishwa, akistaafu au akifariki, huondoka nao, na anayekuja baada yake huanza upya. Hii ndiyo hasara halisi ya kukosa uwanja wa kuandika, na inaongezeka kila mwaka wa masomo.

Masharti ya uwanja

Uchunguzi wa magazeti ya zamani unaonyesha kwamba si kila uwanja wa kuandikia huwaendeleza walimu. La kwanza na lililo muhimu kuliko yote ni kutoka kwa wakati. Mambo Leo haikuwa na makala bora kuliko jarida la Kamati ya Lugha. Ilikuwa na mwezi ujao. Mwalimu hajifunzi kwa kuandika mara moja kwa ajili ya kongamano. Hujifunza pale anapoandika jambo Machi, akasoma pingamizi Aprili, na Mei akarekebisha mawazo yake mbele ya walewale waliomsoma. Maandishi yenyewe yanaweza kuwa mafupi. Ukurasa mmoja kuhusu somo moja lililoshindikana una thamani kuliko kurasa 20 za nadharia zilizokopwa.

Jambo la pili ni lugha. Walimu wa Kiungani na wa Mambo Leo walikua kitaaluma katika Kiswahili kwa kuandika kwa Kiswahili. Nchini Uganda kuna kishawishi cha kufanya majadiliano ya ualimu wa Kiswahili kwa Kiingereza, kwa kuwa ripoti, maombi ya fedha na mafunzo vimo katika lugha hiyo. Matokeo yake ni mwalimu anayefundisha lugha ambayo hajawahi kuitumia kufikiria kazi yake. Wapo watakaosema kwamba Kiswahili cha walimu wengi wa West Nile bado hakijakomaa kiasi cha kuchapishwa. Hoja hiyo inapindua mfuatano wa mambo. Hakuna aliyekomaa kwanza ndipo akaandika, na mhariri yupo kwa ajili hiyo.

La tatu linahusu mamlaka. Kiongozi na Mambo Leo yalikuwa mali ya serikali, na katika kurasa zake mwalimu hakuweza kuandika kwamba mkaguzi amekosea. Uwanja wa leo ukiwa chini ya wizara, walimu wataandika sifa. Ukiachwa bila mwenyewe, utakufa baada ya matoleo matatu, kama yalivyokufa mengi. Mahali pa kati panapatikana. Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 nchini Uganda imeweka mafunzo endelevu kuwa sehemu ya taaluma na kuanzisha Taasisi ya Taifa ya Elimu ya Ualimu, ambayo chuo cha Muni, kilichoko Arua, ni mojawapo ya kampasi zake. Kampasi hiyo inaweza kuwa mlezi wa toleo la kila mwezi la walimu wa Kiswahili wa West Nile, huku uhariri ukiwa mikononi mwa walimu wenyewe kwa zamu. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na warsha moja ya siku tatu hotelini, na maandishi yanaweza kusambazwa kwa simu bila ya kuchapwa. Baraza la Kiswahili la Taifa, ambalo kuundwa kwake kuliidhinishwa na Baraza la Mawaziri Septemba 2019, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar, zingeweza kulisoma toleo hilo kama chanzo cha ushahidi kuhusu hali ya darasani, jambo ambalo takwimu za mitihani haziwezi kulionyesha.

Kuna suala la malipo pia, nalo halipaswi kufichwa. Mwalimu mwenye vipindi vingi na mshahara mdogo hawezi kuombwa aandike kwa uzalendo tu. Ikiwa mafunzo endelevu yatahesabiwa katika kupandishwa cheo, basi maandishi yaliyochapishwa na kujibiwa na wenzake yahesabiwe sawa na cheti cha kuhudhuria semina. Kwa vipimo vya haki yangehesabiwa zaidi, kwa sababu mtu anaweza kuhudhuria semina akiwa amelala.

Hoja hii ina upande wa kikanda. Sudani Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Kwa ramani ya zamani Koboko ilikuwa mwisho wa barabara. Kwa ramani mpya iko katikati, baina ya Waswahili wa mashariki ya Kongo na nchi ambayo ndiyo kwanza inatafuta walimu wa Kiswahili. Makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi yana maelfu ya watoto kutoka Sudani Kusini wanaosoma kwa mtaala wa Uganda. Namna mwalimu wa West Nile anavyomfundisha Kiswahili mtoto asiyekuwa na lugha ya Kibantu ndiyo maarifa ambayo Juba itayahitaji, na leo hakuna maktaba ambamo Juba inaweza kuyapata.

Limebaki suala la kuhifadhi. Msimulizi linaweza kuchunguzwa leo kwa sababu nakala zake ziliwekwa. Walimu wa Arua na Koboko si kwamba hawaandiki kabisa. Wanaandikiana kwa simu, wakiulizana maana za maneno, wakitumiana maswali ya mitihani na kubishana kuhusu ngeli. Maandishi hayo hupotea simu inapoharibika au kikundi kinapovunjika. Hatua ya kwanza, isiyohitaji sheria wala bajeti kubwa, ni kuyakusanya yale ambayo wenyewe wataridhia yakusanywe, kuyahariri, kuyaweka tarehe na majina ya walioyaandika, na kupeleka nakala katika maktaba ya chuo cha Muni, Makerere na Zanzibar.